Kuku wa Mgeni

Wazee wametuachia maneno mawili juu ya mgeni. Neno la kwanza lasema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno la pili lasema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." La kwanza lafungua mlango kwa furaha. La pili latazama unga uliobaki katika kikapu. Je, wazee walijipinga wenyewe? Ndugu msomaji, tuliangalie jambo hili taratibu, kwani siku hizi vijana wengi wanavuka mipaka kwa ajili ya masomo, na wanalala katika nyumba za watu wasiowajua.

Tuseme mwanafunzi ametoka Ulaya, amekuja kwa miezi michache kusoma Butembo, katika Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, kile kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa juhudi ya Askofu Emmanuel Kataliko. Darasani amepata rafiki, mzaliwa wa Musienene. Siku ya mapumziko rafiki anamwambia: "Twende kwetu, ukawaone wazazi." Wanashika njia ya kusini iendayo Lubero, kati ya vilima vya baridi na mashamba ya maharagi na viazi. Wanafika. Baba anatoa kiti kizuri, yeye mwenyewe anakaa juu ya kigogo. Mama anaita watoto, nao wanakimbia kumkamata kuku. Kuku huyo ni mmoja wa wawili waliobaki. Mayai yake yalikuwa yauzwe sokoni, kusudi watoto wapate daftari na sabuni.

Mgeni anaona yote hayo, naye anafahamu. Sasa afanye nini? Hilo ndilo swali letu: je, ni haki mtu mwenye kitu kula kuku wa mtu asiye na kitu?

Wako watakaojibu upesi: akatae. Aseme kwamba ameshiba, au kwamba hali nyama. Jibu hilo laonekana kuwa la huruma, lakini lina mwiba ndani. Anayekataa kuku wa maskini anamwambia maskini: "Wewe ni wa kupokea tu, huna la kunipa." Lakini uwezo wa kutoa ndio heshima ya mwisho inayobaki kwa mtu hata akipungukiwa na vyote. Kumnyang'anya heshima hiyo ni kumfanya maskini mara mbili.

Wengine watasema: ale, kisha alipe. Aache dola kumi juu ya meza. Hapo pia kuna kosa. Bei ni ya hoteli, na mwenye hoteli akishalipwa hana neno tena na mgeni wake. Mama yule hakuuza kitu. Alifungua nyumba kusudi rafiki wa mtoto wake awe mtoto wake. Ukimlipa pale pale, umekata kamba aliyokuwa anaifunga.

Wa tatu watasema: ale tu, ni desturi yao, wasingechinja kama hawataki. Hao ndio wabaya kuliko wote, kwa sababu wanajificha nyuma ya desturi ya wengine kusudi wasisumbuke na dhamiri zao wenyewe.

Basi jibu ni nini? Ni lazima turudie wazee. Maneno yao mawili hayapigani, bali yanafuatana. Siku mbili za kwanza ni za mwenyeji: yeye anatoa, na mgeni anapokea kwa moyo mweupe, anasema "wasingya" kwa Kinande kama amekwisha kulijifunza neno hilo. Siku ya tatu ni ya mgeni: jembe. Watu wengi wanadhani kwamba jembe ni namna ya kumfukuza. Sivyo! Asiyepewa jembe angali mgeni. Aliyepewa amekwisha kuhesabiwa kati ya watu wa nyumba. Akichota maji pamoja na watoto na kupalilia maharagi, hata kama vibaya na kwa kuchekwa, amejibu kuku kwa jasho, na hakuna aliyeaibishwa.

Neno hili linamhusu mwenyeji pia. Tunajua kijana anayeona haya kwa ajili ya kwao. Kabla ya mgeni kufika anatuma habari nyumbani: kopeni sahani kwa jirani, kopeni magodoro, tafuteni pombe ya chupa dukani kwa deni. Mgeni anaondoka akisifu nyumba ambayo haipo, na wazazi wanabaki na deni lililopo. Kutoa kuku wako ni ukarimu. Kutoa kuku wa jirani ni majivuno, na mgeni amedanganywa, kwa maana alikuja kuwaona ninyi, si sahani.

Tena kuku mwenyewe si ukarimu. Katika ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa huku kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiua watu zaidi ya 2,200, tulijifunza kutopeana mikono. Je, upendo ulikwisha? Hapana. Waliopendana walisalimiana kwa mbali, na salamu ilifika. Vivyo hivyo mama asiye na kuku anaweza kupokea mgeni vema kwa viazi na chumvi.

Sasa tuangalie mbali kidogo. Mwaka 1932 Mmarekani Donald Watt alianzisha utaratibu wa kuwapeleka vijana kukaa katika nyumba za familia za nchi nyingine, kwa wazo kwamba watu hujifunza kuishi pamoja kwa kuishi pamoja. Mwaka 1959 ndege ilichukua wanafunzi 81 wa Kenya kwenda Marekani, kwa bidii ya Tom Mboya. Mwaka uliofuata kundi jingine lilimchukua Wangari Maathai, msichana wa Nyeri, aliyesoma katika mji mdogo wa Atchison na ambaye mwaka 2004 alipata tuzo ya Nobel ya amani. Likizo zilipofika, wanafunzi kama hao hawakuwa na nauli ya kurudi kwao. Walihitaji mlango wa rafiki. Kumbe sisi pia tumekuwa wageni wa mbali!

Hapo ndipo deni la mgeni wa Musienene linapoonekana wazi. Kubadilishana maana yake kimoja kiende na kingine kirudi. Yeye amepata viza na nauli, amefika mpaka jikoni kwa mama yake rafiki. Je, rafiki atafika lini jikoni kwa mama yake? Labda ataombwa karatasi kumi, na mwisho atanyimwa viza. Mgeni hana mamlaka juu ya sheria za nchi yake, lakini ana mdomo wa kumtetea rafiki. Na akirudi kwao asiende kuonyesha picha za jiko lenye moshi kusudi watu wamhurumie yeye kwa safari yake. Picha ya nyumba ya watu ni mali yao. Aseme kweli yote: kwamba kuku walikuwa wawili, naye akapewa mmoja.

Lakini sisi wenyeji tusijisifu bado. Tangu Oktoba 2014 watu wa upande wa Beni wamekuwa wakiuawa na kukimbia. Mwaka 2024 vita vya kusini mwa Lubero viliwasukuma wengine wengi kuja kaskazini. Familia nyingi za Butembo na Lubero zimewafungulia, nazo zastahili sifa. Hata hivyo kila mmoja ajiulize: mgeni mwenye pasipoti akipiga hodi, kuku anakamatwa mara moja, mgeni mwenye mkeka kichwani akipiga hodi, namna gani? Huyu wa pili hatatusifu Ulaya. Hana cha kuturudishia isipokuwa mikono yake. Ukarimu unaotazama pasipoti ni biashara iliyovaa nguo ya ukarimu.

Basi msomaji, mpokee mgeni kwa ulicho nacho, si kwa ulichokopa. Nawe ukiwa mgeni, kula ulichopewa, na uhesabu kuku waliobaki. Halafu asubuhi ya siku ya tatu usingoje kuambiwa. Uliza mwenyewe: "Mama, jembe liko wapi?"