Kudai Haki kwa Shirika la Umeme

Ndugu msomaji, shirika la umeme limekutoza zaidi ya ulichotumia, na kila ukenda kudai chako waambiwa uje kesho. Fundi akunong'oneza akupitishie waya nje ya mita, ujilipe mwenyewe. Je, yafaa?

Maulamaa wa Kishafii wamelijadili jambo la mtu kujitwalia haki aliyonyimwa, na Mtume (s.a.w.) alimruhusu Hind binti Utba atwae katika mali ya mumewe, Abu Sufyan, kadiri ya kumtosha yeye na wanawe. Lakini litazame neno hilo, kadiri. Umeme usiopita kwenye mita haupimwi. Basi utajuaje ni usiku upi deni lako lilikwisha na wizi ukaanza? Na waya huo ukizua moto, jirani atakayeunguliwa hakukudhulumu kitu.

Wewe dai, wala usione haya. Isome mita mwenyewe kila mwezi, andika tarakimu na tarehe, ulinganishe na uniti za kwenye bili, kwani bili nyingine ni za kukadiria tu. Risiti usizitupe. Peleka barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa ofisi. Wakinyamaza, nenda kwa mdhibiti: Tanzania Bara ni EWURA, Zanzibar ni ZURA, Kenya ni EPRA.