Vumbi na Riziki ya Bahari

Sura ya 51 ya Kur'ani yaitwa Adh-Dhariyat, nayo yafunguka kwa kiapo cha vitawanyavyo, ambavyo wafasiri wengi wamevieleza kuwa ni pepo zipeperushazo vumbi. Mola haapi kwa kitu kisicho na maana. Basi na tuulize: vumbi lina nini?

Mtu wa pwani afikapo Ewuaso Kedong, katika Bonde la Ufa, ng'ambo ya milima ya Ngong, huona wakati wa kiangazi ng'ombe wakienda malishoni na wingu la vumbi likiwafuata. Hujifunika uso, akaliona ni taabu tupu. Chembe nzito huanguka papo hapo. Zilizo nyepesi huchukuliwa mbali. Ndivyo ilivyo, tena kwa ukubwa zaidi, kaskazini yetu: msimu wa kusi, vumbi la Pembe ya Afrika na la Uarabuni huvuka hadi Bahari ya Arabu.

Maji ya bahari kuu ni ya samawati safi, lakini usafi huo mara nyingi ni njaa. Karibu na pwani, mito kama Tana na Sabaki huleta rutuba. Huko mbali haifiki. Vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha baharini, vyahitaji chuma, fosforasi na nitrojini. Vumbi likianguka, au likiteremshwa na mvua, huvipa sehemu ya mahitaji hayo. Mwaka 1995 wataalamu walimwaga kiasi cha kilo 450 za chuma katika Pasifiki ya ikweta, na mnamo siku chache vimea vikaongezeka mno. Vimea huliwa na vidudu, vidudu na dagaa, dagaa na jodari, nasi twala jodari.

Wako wasemao kwamba elimu hii ni ya dunia, haimhusu Mwislamu. Twawauliza: atazitambuaje ishara za Mola wake asiyezitazama?

Wala mtu asidhani kwamba kila kipeperushwacho ni neema. Moshi wa taka hupanda kwa upepo ule ule, ukashuka na sumu zake. Na mfugaji aliyepokonywa udongo wa malisho yake hafarijiwi na shibe ya samaki. Kila kitu kina mizani yake. Basi tusichome plastiki mitaani mwetu, wala tusiifyeke miti ishikayo udongo. Na watoto wetu tuwafundishe elimu ya pepo na bahari kama tuwafundishavyo hesabu za mirathi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuzingatia. Amin.