Mfupa Mmoja, Bei Mbili

Ndugu yetu mmoja, dereva wa magari makubwa yachukuayo shehena kutoka bandari ya Mombasa hadi Uganda, ametuuliza swali tulionalo kuwa lafaa kujibiwa hadharani. Asema: mtu akigongwa na gari Malaba upande wa Kenya, na mwenziwe akagongwa na gari lilo hilo ng'ambo ya daraja, je, ni haki mmoja alipiwe gharama za matibabu na mwingine asilipiwe, hali mfupa uliovunjika ni mmoja?

Swali hili si la mawakili peke yao. Sheria ya Kenya ya bima ya magari yaweka kikomo cha shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja aliyeumizwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni moja za Uganda, ambazo zikibadilishwa leo mpakani hazifiki shilingi 50,000 za Kenya. Na ile Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo madereva huichukua ili wavuke, hufuata sheria ya nchi iliyoingiwa. Basi lori huvuka daraja, na thamani ya mguu wa mpita njia ikashuka.

Wako wasemao kwamba ubaya u katika kule kuweka kiwango. Sisi hatuoni hivyo. Wanazuoni wetu tangu zamani wamekadiria diya ya kidole kuwa ngamia kumi, na vidole vyote ni sawa, cha tajiri na cha mchukuzi. Kiwango chaweza kuwa kinga ya mnyonge. Lakini tuangalie: wao walikadiria kwa ngamia, na ngamia wa leo ni ngamia yule yule. Shilingi iliyoandikwa 1989 imekonda mwaka baada ya mwaka, na bei ya dawa yapanda. Mtunga sheria aliyeweka kiwango kisha akakisahau, humpunja mgonjwa kila mwaka bila ya kuandika neno jipya.

Kenya nayo ilijaribu mageuzi mwaka 2013, ikapanga jedwali la fidia kwa kila namna ya jeraha. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikabatilisha baadhi ya vifungu. Kikomo cha milioni tatu kikabaki. Likabaki pia sharti kwamba gharama za matibabu zitajwe kwa hesabu katika madai na zithibitishwe kwa stakabadhi. Hapa ndipo maskini wa Busia hukwama. Fedha zake zilitoka katika mchango wa jamaa na msikiti. Dawa zilinunuliwa usiku kwa haraka. Dada yake aliacha biashara sokoni akamuuguza. Haya yote hayana karatasi.

Ama yatupasa kusema kweli kwa pande zote mbili. Jedwali lile halikuzuka bure. Makampuni ya bima yalilalamika kwa madai ya uwongo, na watu wetu wamo. Aandikiwaye stakabadhi ya dawa asiyoinunua husema, "Italipa bima, hapana mtu aliyedhulumiwa." Bima ni nini ila mchango wa wenye magari? Achukuaye humo pasi na haki amemwibia majeruhi ajaye.

Wala aliyegonga asiseme, "Jamaa zake wamekwisha mlipia." Sadaka ilitolewa kumsaidia mgonjwa, haikutolewa kumfutia deni mwenye kosa.

Jawabu letu, basi: si haki. Mabunge ya pande zote mbili yafaa yaweke kiwango kisichopungua gharama ya kumponya mtu, kipimwe upya kila baada ya miaka michache, na uuguzi wa nyumbani uhesabiwe. Nasi tusikae kungoja. Kamati za misikiti na ziandike kila mchango na kila matumizi, zimpe mgonjwa hati yake. Haki isiyo na shahidi hupotea, na wa kwanza kuipoteza ni yule asiye na kitu.