Kutoonekana si Kutokuwapo

Pujini, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, inajulikana zaidi kwa mtawala wake kuliko kwa udongo wake. Mkame Ndume, mwenye ngome iliyojengwa huko yapata karne ya kumi na tano, husimuliwa kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio. Na jina lenyewe watu hulifasiri kuwa ni mkamuaji wa wanaume. Ngome imebaki magofu, na mikoko imetamalaki kwenye njia ya maji ambayo husemwa ilichimbwa ili vyombo vifike karibu na ukuta. Lakini swali lililomo ndani ya jina hilo halijachakaa: mwenye uwezo akija juu ya ardhi ya watu, huchukua nini na hurejesha nini?

Swali hilo leo humwelekea mtu mpole, asiye na askari wala mjeledi. Naye ni mpimaji wa mazingira, afikaye na kekee ya kutobolea udongo, kamba ya kupimia na daftari. Huchimba shimo la kina cha mita moja au zaidi, akazisoma tabaka zake mojamoja. Hulinganisha rangi na kitabu cha Munsell, akalifinya donge bichi baina ya vidole kujua kama ni kichanga au kinamo. Kisha huhesabu miti na ndege, akachora ramani. Hamkamui mtu. Hata hivyo, taarifa yake itasomwa ofisini na watu wasiowahi kulikanyaga bonde lile, na neno lake moja laweza kulihamisha shamba kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Neno la hatari kuliko yote ni "haitumiki." Upande wa mashariki ya Pemba una sehemu nyingi ambako udongo ni mchache juu ya mwamba wa matumbawe. Mgeni apitaye hapo kiangazi huona vichaka na mawe, akaandika kuwa ardhi haitumiki. Mwenyeji asimamaye papo hapo huona konde lililopumzishwa, kuni za mwezi ujao, ukindu wa mkeka, dawa ya mtoto na malisho ya ng'ombe. Zanzibar ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali kwa amri ya mwaka 1965, na waliogaiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 walipewa haki ya kuitumia. Madhali haki ya mkulima imesimama juu ya matumizi, anayeandika kuwa ardhi haitumiki hajaeleza mandhari tu. Ameigusa haki yenyewe.

Kuna tofauti kubwa baina ya kusema "sikuona" na kusema "hakuna." Kauli ya kwanza yamhusu mpimaji, na aliyoyashuhudia anaweza kuyaapia. Kauli ya pili yauhusu ulimwengu, na kuifikia kunahitaji daraja: alikaa siku ngapi, alikuja msimu gani, alitembea mchana tu au na usiku, na alimuuliza nani. Asiyeyataja hayo ameruka mto kwa maneno, akadai amevuka kwa miguu.

Popo wa Pemba ni shahidi mzuri. Mnyama huyu hapatikani kwengine duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kuwa waliobaki ni wachache mno. Tafiti za miaka ya 1990 zilionesha maelfu, na zile za miaka ya 2000 zikapita popo 20,000. Hapana shaka hifadhi ilisaidia, kwani wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliacha kuwawinda wakawa walinzi wao. Lakini pia makao yao yalizidi kujulikana, na mengine yalikuwa kwenye miti ya makaburini na kwenye misitu ya mizimu, ambako mwenyeji hakati mti ovyo. Hofu ya mwanzo ilikuwa na faida, kwani iliwaamsha watu. Lau hesabu ile ya kwanza ingechukuliwa kuwa ndiyo hesabu kamili, makao yasiyoandikwa yasingekuwa na wa kuyatetea.

Au tutazame mabonde ya mpunga. Katika sehemu kadhaa za Pemba maji ya bahari yameingia mashambani. Miche ya mchu ikianza kuota pembezoni mwa bonde, mkulima hahitaji kipimo kumjulisha kuwa chumvi imefika. Mpimaji ajaye wakati wa masika, mvua ikiwa imeikosha chumvi, huenda akapata maji matamu. Arudipo kiangazi, pale pale, akapata mengine. Vipimo vyote viwili ni sahihi. Uongo huingia pale kimoja kinapoandikwa kana kwamba ndicho mwaka mzima.

Yamkini msomaji atapinga: mpimaji si kadhi wala si wakili, ameajiriwa apime, na akianza kuwahurumia wenyeji atapotoa vipimo. Tena mwenyeji naye ana maslahi yake. Huenda akaficha kuwa ndiye aliyeikata mikoko, au akaongeza idadi ya minazi akitarajia fidia. Pingamizi hili ni la haki. Kumbukumbu ya wenyeji nayo ina mipaka yake. Sarah Walshaw, alipochunguza mbegu zilizoungua zilizohifadhiwa na udongo wa Tumbe na Chwaka, kaskazini mwa kisiwa, alionesha kuwa watu wa kale wa huko walitegemea zaidi uwele kabla ya mpunga kutawala, yapata karne ya kumi na moja. Mpemba wa leo, ambaye karamu kwake haitimii bila wali, hakurithi kumbukumbu hiyo kwa babu yake; udongo ndio ulioitunza.

Basi kutoonekana si kutokuwapo, kwa mpimaji na kwa mwenyeji sawasawa. Kinachodaiwa hapa ni uaminifu, wala si upendeleo. Na uaminifu hauishii katika kuandika kilichopimwa. Huandika pia kisichopimwa, na sababu yake. Asiyeyaandika hayo huuvika ujinga wake joho la elimu, na gharama yake hailipi yeye. Hulipwa na yule ambaye shamba lake liliitwa pori.

Kuna deni la pili. Kichanga, kinongo, kinamo, uwanda na maweni ni majina ya wakulima, na wataalamu wa udongo wa Zanzibar waliyachukua wakayatia katika taarifa zao. Kila jina ni matokeo ya upimaji uliofanywa kwa jembe vizazi kwa vizazi: hapa muhogo hustawi, hapa maji hutuama. Aliyepewa elimu hiyo kwa ukarimu amepewa amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Aghalabu hairejeshwi. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini, na kijana aliyeshika ncha ya pili ya kamba hajui hata leo kilichosemwa juu ya konde la mama yake. Huko nako ni kukama, ingawa hakuna jiwe lililobebwa.

Kurejesha amana hakuhitaji fedha nyingi. Kabla taarifa haijafungwa, na isomwe barazani kwa Kiswahili, pamoja na ukurasa wa yale ambayo hayakuonekana. Mzee mmoja atasema bonde lile hujaa ndege baada ya mavuno. Bibi mwengine atasema kisima fulani hugeuka chumvi kila kiangazi. Huenda mpimaji akalazimika kurudi tena, na kazi ikachelewa kwa msimu mmoja. Kuchelewa huko ni sehemu ya kipimo.