Je, Ni Haki Kuufurahia Wimbo wa Vita?

Mimi ni mtu wa Voi na ni mpenzi wa hevi metali, vitu viwili ambavyo watu wengi hudhani haviwezi kukaa nyumba moja. Swali langu ni hili: ni haki kufurahia muziki unaoimba kuhusu mauaji? Sisemi kuuvumilia, wala kuuchambua kama wa darasani. Nasema kuufurahia kabisa, kutikisa kichwa na kuongeza sauti.

Albamu ninayoifikiria ni Paranoid ya Black Sabbath, iliyotoka Septemba 1970, vita vya Vietnam vikiendelea. Wimbo wa kwanza, War Pigs, una karibu dakika nane. Unawalaani wakubwa wanaopanga vita mezani halafu wanatuma maskini wakafe. Ujumbe ni mzito, lakini gita likiingia mwili wangu unasisimka. Ni raha, siwezi kuiita jina lingine. Sasa raha hiyo ni halali?

Kwetu Taita Taveta hili si swali la hewani. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau, na tarehe 12 Februari 1916 wakashambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Leo ukitembelea makaburi ya kijeshi ya Voi au Taveta utakuta mawe yamepangwa kwa mstari na majina yamechongwa vizuri. Pametulia. Usipokuwa makini unaweza kutoka pale ukidhani vita vilikuwa jambo la adabu.

Lakini waliobeba risasi, unga na majeruhi katika vita hivyo walikuwa Waafrika, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Waliitwa Carrier Corps. Jina hilo ndilo lililotuachia Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Katika ukoo wetu yuko mmoja aliyechukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Nyanya alitufundisha jina lake. Kaburi hatuna.

Kwa hiyo nikiwasha War Pigs, kichwani mwangu hawapiti majenerali wa Marekani. Anapita yeye, na gunia kichwani.

Kuna pingamizi la haraka: hizo ni kelele za shetani. Binamu yangu huniambia hivyo kila Krismasi, na namjibu kwa historia. Misheni ya Kianglikana ilifika Sagalla, mlima unaoutazama mji wetu, mwaka 1883. Tangu utotoni nimesikia watu wa kanisa wakiita Mwazindika, ngoma ya Wadawida inayoendana na mambo ya pepo na uponyaji, kwa jina hilo hilo: ya shetani. Neno hilo limetumika sana kufunga mjadala kabla mtu hajasikiliza. Tena Black Sabbath hao hao, kwenye albamu yao ya 1971, wana wimbo unaomtetea Mungu waziwazi. Hiyo tuiweke kando.

Pingamizi gumu ni lingine. Rafiki yangu aliniuliza hivi: kama kweli unawakumbuka wafu, mbona unaruka badala ya kulia? Kumbe uchungu wao ni mafuta ya raha yako? Na ana ushahidi. Wanajeshi wa Marekani kule Iraq walisikiliza hevi metali kujipandisha mori kabla ya doria, na muziki wa aina hiyo ulipigwa kwa sauti ya juu ili kuwavunja wafungwa wakati wa mahojiano. Manze, hapo siwezi kujificha. Sauti ile ile inayowalaani wapenda vita inaweza kumtia mtu hamu ya vita. Ukali wa gita hauna dhamana yoyote ya maadili.

Hata hivyo sauti ile ina asili yake. Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, alikuwa na miaka 17 na akifanya kazi katika kiwanda cha mabati Birmingham, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akapiga hivyo hivyo, na baadaye akaanza kulegeza nyuzi, sauti ikashuka chini zaidi. Mtu yeyote wa Mwatate aliyekaa karibu na mashine za mkonge anaelewa hadithi hiyo bila kuelezwa. Ni muziki wa watu ambao miili yao imetumiwa na wengine. Mawe yaliyonyooka ya makaburini yananiambia mambo yalikwisha vizuri, nao unakataa kusema hivyo.

Asili nzuri pekee haitoshi kumjibu rafiki yangu, kwa sababu hata askari wa Iraq alisikia sauti hiyo hiyo. Tofauti lazima itafutwe kwa msikilizaji. Na mfano ninao nyumbani: matanga. Kwenye matanga watu hula, hutaniana, hucheza, wengine hucheka mpaka usiku wa manane. Hakuna anayesema wamemdharau marehemu. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja pale anajua amekuja kwa ajili ya nani. Raha hiyo ina mwenyewe. Lakini mtu akipita njiani, asiyemjua marehemu wala kumuuliza, akaingia kula na kucheza tu, sote tunajua ni mwizi wa namna fulani.

Basi kipimo changu ni hicho. Wimbo ukiisha, je, kuna mtu unayemkumbuka zaidi kuliko ulivyomkumbuka kabla haujaanza? Kama yupo, raha ilikuwa ya matanga. Kama umebaki na hisia za ubabe wako tu, umekula sahani isiyo yako.

Wakenya wengine wameshalielewa hili. Martin Kanja, maarufu kama Lord Spikeheart, aliyetoa albamu kali ya Duma mwaka 2020 pamoja na Sam Karugu, aliitoa albamu yake ya 2024, The Adept, kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Ni kelele tupu, ukipenda, lakini zina jina la mtu ndani yake.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa sharti. Furahia, ongeza sauti, ruka. Ila ujue umealikwa na nani, na kama hujui, uliza nyumbani kwenu kabla wanaolijua jina hawajaisha.