Malango ya Yerusalemu na Lango la Sebuleni

Somo: Nehemia 7:1-3 na 13:15-22



Kitabu cha Nehemia hatukisomi mara nyingi. Tukikisoma, aghalabu twaishia kwenye habari za kujenga ukuta, hasa wakati wa michango ya jengo la kanisa. Lakini ukuta ulipokwisha, kazi haikuisha. Sura ya 7 yatuambia kwamba Nehemia alisimamisha milango, akaweka mabawabu, kisha akatoa amri mbili. Ya kwanza, malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali. Ya pili, walinzi watoke miongoni mwa wakaaji wa mji wenyewe, na kila mtu alinde kuelekea nyumba yake. Ukuta usio na mtu wa kufungua na kufunga lango lake ni mawe tu.

Nawaomba tulitazame somo hili kwa ajili ya jambo ambalo limeingia nyumbani mwetu, nalo ni intaneti ya nyumbani. Huko Njiro, Sakina, Moshono hata Usa River, nyumba nyingi sasa zina kile kisanduku chenye taa ndogo kinachoitwa ruta. Kinapokea intaneti na kuigawa kwa waifai katika kila chumba. Shirika letu la TTCL limeiita huduma yake Faiba Mlangoni Kwako. Jina hilo linatufaa sana kama somo. Ikiwa faiba imefika mlangoni, je, mlangoni amesimama nani?

Sisi wa umri wa miaka sitini na zaidi twakumbuka redio moja iliyokaa sebuleni. Baba akiifungua, nyumba nzima ilisikia. Akiifunga, nyumba nzima ililala. Mwaka 1994 televisheni ilipoanza Tanzania Bara, nayo ilikaa sebuleni, na mtoto alitazama huku mama akipita na kuona. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na baada yake intaneti ikawa nyepesi na simu janja zikaenea. Hapo ndipo sebule ilipotushinda. Kila mtu sasa ana dunia yake mkononi, chini ya blanketi, na mlango wa chumba umefungwa. Mwalimu humtambua mtoto aliyekesha. Kipindi cha kwanza anaandika, cha pili anatazama dirishani, cha tatu kichwa kimelala juu ya daftari.

Lakini tazameni, ruta imeturudishia mahali pamoja ambapo simu zote za nyumba zinapita. Hilo ni lango. Na penye lango pana kazi ya bawabu.

KWANZA, tujue lango ni la nini. Katika sura ya 13 watu wa Tiro waliingiza samaki na bidhaa za kila namna, na wengine walileta nafaka, divai, zabibu na tini. Hakuna hata kimoja kilichokuwa haramu. Samaki ni chakula chema. Kosa lilikuwa saa yake, maana viliuzwa siku ya Sabato, siku ya watu kupumzika na kumkumbuka Mungu wao. Nehemia hakuwafukuza wachuuzi milele, wala hakuziba malango kwa mawe. Aliyafunga giza lilipoanza kabla ya Sabato, na Sabato ikiisha yalifunguliwa.

Nasema hivi kwa sababu wapo wazazi wanaosema intaneti ni ya shetani, wakaikata kabisa. Mtoto huyo ana kazi ya shule, ana masomo ya sayansi na mitihani iliyopita ya kuitafuta humo. Wapo na wengine wanaosema dunia imebadilika, wakaiacha wazi usiku na mchana. Wote wawili wamekosa. Hapa mlimani Meru twajua habari za mfereji. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Ukifika wakati unafungua, ukiisha unaziba. Anayeacha maji yapite shambani usiku kucha, asubuhi hukuta udongo wake umehamia kwa jirani. Maji hayana hatia. Aliyelala bila kuziba ndiye mwenye hatia.

PILI, tujifunze kulifunga lango lenyewe. Mambo haya si magumu, na fundi aliyekufungia ruta anaweza kukuonyesha kwa nusu saa.

(a) Ruta ina maneno mawili ya siri. Moja ni la kujiunga na waifai. La pili ni la kuingia ndani ya ruta na kubadili taratibu zake. Anwani yake, mathalani 192.168.1.1 au 192.168.0.1, aghalabu imebandikwa chini ya kisanduku. Nyumba nyingi neno hili la pili limeachwa kama lilivyotoka kiwandani, mara nyingi ni "admin", na kijana wa kidato cha pili analijua. Libadilini. Liandikeni kwenye daftari, mliweke panapokaa hati ya kiwanja.

(b) Ruta nyingi zina sehemu ya wazazi. Humo kila simu na kila kompyuta hupangiwa saa zake. Simu za watoto zaweza kufungiwa saa tatu usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, huku simu ya mgonjwa au ya anayefanya kazi usiku ikiachwa.

(c) Kila tovuti ina jina na ina namba, na ruta huuliza katika daftari kubwa la mtandaoni ili kujua jina fulani lina namba gani. Mwenye nyumba anaweza kuchagua daftari la kuuliza. Kampuni ya Cloudflare tangu mwaka 2020 hutoa bure daftari lenye anwani 1.1.1.3, ambalo hukataa kujibu kuhusu tovuti za picha za uchi na zile zenye programu mbaya. Halizuii kamari. Majina ya tovuti za kubeti itabidi myaandike wenyewe katika orodha ya zilizokatazwa, ikiwa ruta yenu ina nafasi hiyo. Na kumbukeni kwamba sheria ya nchi yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari.

TATU, tuwaangalie wachuuzi waliolala nje. Maandiko yasema kwamba malango yalipofungwa, wafanya biashara walilala nje ya Yerusalemu mara ya kwanza na ya pili, wakingoja. Hawa nasi tunao. Mtoto akinunua bando la shilingi chache, ametoka nje ya lango na ruta haina habari naye. Simu za siku hizi zinaweza kujibadilishia namba ya utambulisho, na saa ulizozipanga zikamkosa mwenyewe. Ziko programu zinazochimba njia chini ya ukuta. Ndiyo maana lango peke yake halilei mtoto. Nehemia hakutegemea mbao na makomeo tu. Aliwaendea wale wachuuzi, akasema nao kwa maneno yaliyo wazi.

Basi kabla ya kufunga, waiteni watoto mezani. Waambieni ni saa zipi, na ni kwa nini. Mtoto aliyeelezwa atanung'unika siku tatu. Yule aliyeamka akakuta amefungiwa bila neno, atatafuta tundu mwaka mzima. Paulo alipowaandikia Waefeso aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Nadhani alizijua nyumba zenye amri nyingi na mazungumzo machache.

NNE, na hili ndilo zito. Utafiti kuhusu Tanzania uliotolewa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, karibu 4 walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao ndani ya mwaka mmoja. Katika darasa la kipaimara la watoto 25, hesabu hiyo ni mtoto mmoja. Anakaa benchi lipi, hatujui. Pengine ametishwa kwamba picha yake itasambazwa. Pengine anaogopa kwamba akisema, jambo la kwanza atakalofanyiwa ni kunyang'anywa simu na kuchapwa.

Ndugu zangu, lango la nyumba lifungwe, lakini sikio la mzazi lisifungwe. Mwambieni mtoto leo, kabla halijatokea lolote, kwamba akija na neno la aibu hatapigwa. Likitokea, msiisambaze picha hiyo kwa ndugu au katika kundi lolote, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha chafu za watoto. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au pigeni simu namba 116, ambayo ni ya kumsaidia mtoto na haina malipo.

MWISHO, tumtazame bawabu mwenyewe. Katika 13:22 Nehemia aliwaagiza Walawi wajitakase kwanza, ndipo waje walinde malango. Mpangilio huo wa maneno unatuhusu sana. Baba anayefunga simu za watoto saa tatu, kisha anakaa na yake mpaka saa saba akitazama asichotaka mwanawe akione, amelinda lango huku yeye mwenyewe ni mchuuzi. Ile saa ya kufunga tuijaribu sisi wakubwa kwanza. Simu zote, na ya baba, na ya mama, ziwekwe kikapuni sebuleni saa hiyo. Kisha sala ya jioni. Watakaoona vigumu usiku wa kwanza huenda wasiwe watoto.

Watoto wetu walipobatizwa, wazazi na wasimamizi tulisimama mbele ya kanisa tukaahidi kuwalea katika imani. Hatukuahidi kwamba dunia haitabisha hodi. Tuliahidi kuwapo mlangoni itakapobisha.

Tuombe. Ee Bwana, mlinzi wa nyumba zetu, tupe hekima ya kujua saa ya kufungua na saa ya kufunga. Utakase macho yetu sisi tuliowekwa kulinda. Umfariji mtoto anayebeba siri usiku huu, umpe ujasiri wa kusema, nasi utupe upole wa kusikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Arusha