Maji ya Husuni Kubwa Yalitekwa na Nani?

Magofu ya Kilwa Kisiwani unaweza kuyazunguka kwa nusu siku. Boti inakuvusha kutoka Kilwa Masoko na kukushusha karibu na Gereza. Ukishatazama Msikiti Mkuu na kuta za Makutani, unashika kijia cha kuelekea mashariki hadi Husuni Kubwa, jumba lililojengwa kwenye mwinuko juu ya bahari mwanzoni mwa karne ya 14. Mwenye haraka akipata baiskeli ya mwenyeji huenda nayo. Wakati wa kurudi, maji yakiwa yametoka, mtu hupita ufukweni kando ya mikoko na kufunga mzunguko wake. Ni matembezi ya watalii na wanafunzi, lakini nayapendekeza kwa washarika pia, kwa sababu ya birika lililomo ndani ya jumba lile.

Birika hilo lina pembe nane. Leo halina maji, labda ya mvua tu. Kulizunguka kwa miguu ni jambo la dakika moja, na bado wengi hawalizunguki: wanasimama upande mmoja, wanapiga picha, wanaondoka. Ukilizunguka polepole, pembe baada ya pembe, linakujia swali la kawaida kabisa. Maji yalifikaje hapa? Kisiwa hakina mto. Yawe yalitoka kisimani au yalikingwa wakati wa mvua, ilikuwapo mikono iliyoyashughulikia, maana pampu haikuwapo. Huku kwetu pwani ya Lindi baiskeli ilikuwa chombo cha kubebea maji kabla haijawa chombo cha matembezi. Madumu manne ya lita ishirini ni kilo 80, na penye mchanga mwenye baiskeli hapandi, anaisukuma. Aliyejaza birika la Husuni hakuwa hata na hiyo baiskeli, na jina lake hakuna aliyeliandika.

Jina la mwenye birika tunalo. Ni Sultani Hasan bin Sulaiman, na Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu sana. Anasema watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Anatoa mfano. Ijumaa moja sultani alipotoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani hakukasirika. Alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akamkabidhi yule fukara nguo zake. Watu waliguswa na unyenyekevu huo. Mwana wa sultani akazikomboa zile nguo kwa kumpa fukara watumwa kumi. Baba aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lake, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Msimuliaji anaendelea na safari yake bila kusita, lakini mimi nasita. Watu ishirini walihama mikono ili kukamilisha sadaka ya nguo moja, nao katika habari hii wametajwa kwa idadi tu. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi za watu wa bara na kurudi na nyara, na sehemu ya tano ya nyara hizo aliitenga kwa matumizi yaliyoamriwa na dini. Kwa hiyo mkono uliofunguka mlangoni mwa msikiti ndio ule ule uliofunga watu kamba. Sioni sababu ya kusema ukarimu wake ulikuwa wa kuigiza. Naamini alikuwa mkarimu kweli, na hapo ndipo jambo linapokuwa zito.

Kabla Mkristo hajatikisa kichwa juu ya sultani, na atembee kutoka Husuni arudi kwenye Gereza, ngome ambayo mwanzo wake ni Wareno. Mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliuteka mji huu. Mmoja wa waliokuwa safarini aliacha maelezo: mapadre walishuka pwani na misalaba miwili, wakaenda kwa maandamano wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu mpaka kwenye jumba la mfalme. Msalaba ukawekwa chini, mkuu wa kikosi akasali. Baada ya sala wakaanza kupora mji. Imeandikwa kwa utulivu huo huo wa Ibn Battuta, kana kwamba sala na uporaji ni vipengele viwili vya ratiba moja.

Je, tendo jema linaweza kusafisha njia iliyolipatia mali yake? Swali hili halijaisha na magofu. Katika mikoa yetu ya korosho kila mtu anaijua kangomba. Mkulima ameishiwa kabla ya mavuno, mtoto anadaiwa mahitaji ya shule, anakuja mtu na fedha mkononi. Anakopesha kidogo, na msimu ukifika anachukua korosho kwa bei ya kutupa, nje ya chama cha msingi na nje ya mnada. Mwaka 2018, serikali ilipoingilia ununuzi wa korosho, neno hilo lilisikika nchi nzima. Sasa chukulia mtu huyo ndiye mgeni rasmi wa harambee ya kuezeka kanisa. Anatangaza mabati yote. Vigelegele vinapigwa, na huenda mkulima aliyempunja yuko kwenye benchi la nyuma, naye anapiga makofi, maana paa ni la kanisa lake.

Wako wanaosema fedha haina harufu, tupokee, Mungu ndiye atakayehukumu. Wengine wanataka zawadi yenye shaka irudishwe. Wa kwanza siwakubali. Wa pili nawaheshimu, lakini nadhani wanasahau kwamba hata fedha ya mjane imepita mikono mingi. Na kutotoa nako hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu: Daudi, ndugu yake Hasan aliyemrithi, alijulikana kwa kuwapa waombaji kidogo sana hata wakaacha kuja mlangoni pake, na sijasoma popote kwamba watumwa wake walipata nafuu kwa hilo.

Zakayo ananisaidia zaidi. Bwana aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti, tena watu wakinung'unika nje. Kisha Zakayo akasimama na kutaja mafungu mawili: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne. Hakuyachanganya. Lile la kwanza ni sadaka, la pili ni deni, na deni lina mwenyewe, mtu mwenye jina, anayekaa mtaa fulani. Makanisa yetu yana kitabu cha sadaka kinachotunzwa vizuri sana. Ukurasa wa lile fungu la pili sijauona bado, wala sijawahi kumsikia mzee wa kanisa akimwambia mfadhili kwa upole: karibu, kaa ule nasi, na kabla ya mabati tuzungumze kuhusu mzee fulani wa bondeni na magunia yake.

Kuna habari nyingine ya maji inayonijia pale birikani. Mfalme Daudi, yule wa Israeli, akiwa ngomeni alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Watu wake watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Daudi alikataa kuyanywa. Aliona ndani ya chombo kile damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akayamimina mbele za Bwana. Maandiko hayatuambii wale watatu, wakiwa bado na vumbi la njiani, walisema nini walipoyaona yanamwagika.